Siku Tuliyokwenda Mjini Bila Haja

Mara zote nilizokwenda mjini kabla ya Jumamosi ile, nilikwenda na haja. Nilimpeleka mama hospitali ya Mnazi Mmoja. Nilikwenda Darajani kununua sare za skuli. Nilikwenda harusini, mazikoni, na kila baada ya miezi kadhaa nilibeba mikeka yangu kwenda kuitafutia mnunuzi. Kutoka kijijini kwetu Chwaka hadi mjini Zanzibar ni kilomita 30 na ushei, na katika umri wangu wa miaka 44 njia ile nimeipita mara zisizohesabika. Lakini mtu mwenye haja hatazami kuta. Hutazama saa, hutazama pochi yake, na roho yake yote iko kwenye gari ya mwisho isije ikamwacha.

Safari hii tulikuwa wanne, wanawake watupu, na tulikubaliana kwamba hapana ruhusa ya kubeba kikapu. Tulikwenda kuutazama Mji Mkongwe kama wageni wanavyokuja kuutazama kutoka mbali. Wao hupanda ndege kuja kuona milango, kusikiliza taarabu na kutembea vichochoroni. Sisi tulio mwendo wa saa moja na kitu, tunapita pale pale vichwa vimeinama.

Mmoja wetu ni mkulima wa mwani, na ndiye mwimbaji wetu kila penye shughuli. Mmoja ni mwalimu wa skuli ya msingi, ambaye kijiji kizima tunamwita Mwalimu. Wa tatu baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma chokaa, na yeye alikua akichota maji ya kuzimulia chokaa ya tanuu. Mimi nasuka ukili na kushona mikeka tangu nina miaka saba. Siku tuliichagua kwa kuitazama bahari: yalikuwa maji mafu. Katika bamvua mkulima wa mwani hatoki kijijini, kwa sababu maji yakikupwa mbali ndipo shamba lake linapoonekana.

Gari ya 206 ilituchukua asubuhi na mapema, kaskazi likipuliza. Tulipofika Dunga, Mwalimu akatugusa mabega. "Magofu hayo tunayapita kila siku. Hilo ni kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja. Lilianza kujengwa 1846, likamalizika 1856." Nikageuka kutazama. Nilikuwa najua kwamba pana magofu. Sikuwahi kuyageuzia shingo. Safari yetu, nikaona, imeshaanza kabla hatujaufikia mji.

Chini ya ardhi ya Mkunazini

Tulivuka Darajani. Jina hilo lina maana yake: zamani pale palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na nyumba za upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Upande wa pili ndio Ng'ambo, na jina limebaki hadi leo, ingawa maji yamefukiwa.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa 1873. Uwanjani pana shimo lililojengewa, na ndani yake wamesimama watu watano wa mawe, wamefungwa mnyororo shingoni. Ni kazi ya mchongaji kutoka Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Miguu yao haionekani vizuri. Ni kama ardhi imeanza kuwameza. Ukisimama ukingoni unawatazama kwa juu, kama mnunuzi alivyomtazama mtu wa kuuzwa, na kule kuwatazama kwa juu kunakuumiza.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipotoka nje ya geti. Kisha mwenzetu wa mwani akasema, "Bora tumeanzia hapa." Na ni kweli. Mji huu uliinuka sana katika karne ya 19 kwa utajiri wa karafuu na pembe za ndovu, na karafuu ile ilichumwa na watumwa. Uzuri wa majumba tuliyokuwa tunakwenda kuyaona una deni, na mtazamaji mwaminifu huanza kwa kulijua deni hilo.

Ukuta unaopumua

Kutoka hapo tuliingia vichochoroni. Katika uchochoro mmoja wa Kiponda, binti wa mchoma chokaa alisimama ghafla akaweka kiganja ukutani.

"Njooni mguse," alisema. "Hapa chokaa. Na hapa," akasogea hatua mbili, "hapa wamepiga saruji."

Kwa macho ya haraka ulikuwa ukuta mmoja uliopakwa rangi moja. Kwa mkono ulikuwa kuta mbili. Upande wa chokaa ulikuwa mkavu, una mabonde madogo ya kiganja cha mpakaji. Upande wa saruji ulikuwa mgumu na laini, lakini chini yake, kimo cha goti, plasta ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua, na ndani yake unga mweupe wa chumvi ukimwagika.

Akatueleza kama alivyofundishwa na baba yake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa na udongo. Mawe hayo hunywa maji: ya mvua kutoka juu, ya ardhi kutoka chini. Chokaa huyaacha maji yatoke tena, ukuta ukapumua. Ukiufunika kwa saruji umeuziba pua. Maji hutafuta pa kutokea, chumvi husukuma plasta, na ubaya zaidi ni kwamba unyevu unabaki kwenye ncha za boriti zilizozamishwa ndani ya ukuta. Boriti zikioza ncha, dari haina pa kushika.

Chokaa yenyewe hutokana na mawe hayo hayo. Hupangwa magogo, mawe ya matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa mpaka mawe yageuke meupe na mepesi. Kisha hunyunyiziwa maji, yakafumka na kupasuka kuwa unga, ukaachwa ukae. "Baba alikuwa akisema chokaa ya haraka ni chokaa ya aibu," alisema, na mkono bado uko ukutani.

Boriti nazo ni miti ya mikoko. Nyingi zililetwa na majahazi kutoka Rufiji, lakini mtu wa Chwaka hahitaji kuelezwa boriti ni nini. Ghuba yetu imezungukwa na mikoko, na tumekua tukiiona inapimwa na kukatwa. Ndiyo iliyoamua sura ya mji mzima. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, karibu mita tatu kwa upana. Tajiri aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha, hakuweza kuupanua. Nilipolisikia hilo nikaona kwamba mti wa matopeni kwetu ulikuwa umemwekea hata sultani kipimo.

Jani dogo la fundi

Nilichokuwa nakitamani mimi ni milango. Mji Mkongwe una mamia ya milango ya nakshi, na mtu akishajua mambo mawili matatu haitafanana tena machoni pake. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, wenye miimo iliyojaa majani, maua na wakati mwingine maandishi ya Kiarabu, huo ni wa mtindo wa Kiarabu. Wenye tao juu, mbao zake zimegawanywa vijumba vidogo vidogo na kupigwa misumari mikubwa ya shaba, umefuata mtindo wa Kihindi, hasa wa Gujarati. Ubao mwembamba unaosimama katikati ya mabawa mawili, ukifunika mwanya, unaitwa mfaa, na mara nyingi ndipo fundi alipomaliza ufundi wake wote. Nakshi zina lugha yake. Wazee husema samaki ni uzazi, mtende ni neema, mawimbi ni bahari iliyomletea mwenye nyumba riziki yake.

Huko Hurumzi nilikaa kwenye baraza mkabala na mlango mmoja kwa muda wa nusu saa. Mimi ni mtu wa ukili. Kazi yangu ni kurudia umbo moja mara elfu bila kukosea. Tunachemsha ukindu na rangi, tunausuka ukili mrefu, kisha tunaushona kwa kuuzungusha mpaka mkeka uenee. Kwa hiyo nilipoutazama mwimo wa kushoto nilianza kuhesabu, kama mtu anavyohesabu mishono ya mwenzake. Jani, ua, jani, ua. Majani yote yalikuwa kimo kimoja, kimo cha kidole changu cha shahada. Nikateremka na nakshi mpaka chini. Karibu na ardhi majani yalianza kubanana, na jani la mwisho kabisa lilikuwa dogo, nusu ya ndugu zake.

Nilijua pale pale kilichotokea. Fundi alianza juu kwa kujiamini, akashuka, na alipokaribia mwisho akaona nafasi haitoshi. Hakukata jani katikati. Alilipunguza, akaliingiza lote, na mishipa yake yote akaichonga, ingawa ni dogo na liko mahali ambapo mtu mzima lazima apige magoti kuliona. Miaka zaidi ya mia huenda imepita, jina lake halikuandikwa popote, lakini nilimwona amechutama pale na patasi yake, anafikiri. Nilitoa penseli ya Mwalimu na karatasi ya kaki niliyofungiwa mkate asubuhi, nikalichora jani lile.

Nakshi haijafa. Mbele kidogo tulipiga hodi kwenye karakana ambamo fundi na vijana wake wawili walikuwa wanachonga mlango wa mti wa mfenesi. Ramani ya maua huchorwa kwanza kwa penseli, kisha patasi nyembamba hukata kingo, ndipo patasi pana hufukua ardhi ya katikati na kuyaacha maua yamesimama. Ubao mmoja wa mwimo ulikuwa umemchukua siku nyingi. Nikamuuliza nani anaagiza. "Mahoteli, bi mkubwa," alijibu. "Mwenyeji akijenga siku hizi anataka geti la chuma." Hakulalamika; alisema tu, akarudi kwenye ubao wake.

Ukutani kwa jirani yake zilining'inia picha za rangi kali, za chui, ndege na mibuyu, ambazo zimejaa kila duka la Mji Mkongwe. Watalii wengi hudhani ni sanaa ya Zanzibar. Zimetoka ng'ambo ya bahari: mtindo huo ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao. Alifariki 1972, jina lake likawa jina la mtindo. Sina neno na picha hizo. Ila nilitamani mgeni anayezinunua aelekezwe pia mlango alioegemea wakati anatoa pesa.

Muuza vyungu

Adhuhuri maduka mengi hufungwa, mji ukapumzika. Tuliswali, tukala urojo wenye bajia, kachori na chipsi za muhogo, na Mwalimu akatusimulia habari ya Siti binti Saad.

Kila mtu hapa analijua jina lake, lakini nilikuwa sijawahi kusimuliwa nikiwa nimekaa ndani ya mji ule ule alioutikisa. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, katika ufukara, na kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza. Aliingia mjini mwaka 1911. Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa majumbani mwa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa amempeleka kijana Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa 1905, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Aliyeiteremsha taarabu ikazungumza Kiswahili, ikasema habari za watu wa kawaida, dhuluma zao na mapenzi yao, ni yule mwanamke wa Fumba na wanamuziki wenzake wa Ng'ambo. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

"Wasichana wa shamba," Mwalimu alihitimisha, akitutazama mmoja mmoja. "Aliingia mjini na vyungu kichwani, akauachia mji sauti yake."

Baada yake wamepita wengi, akiwemo Fatma binti Baraka, Bi Kidude wetu, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki Aprili 17, 2013. Naye alizaliwa kijijini, Mfagimarango.

Alasiri tulikwenda kusikiliza. Tangu 2002 Zanzibar ina Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, na vijana waliofundishwa wamesambaa mjini; klabu za zamani nazo zinafanya mazoezi. Katika chumba kimoja tulimkuta binti wa miaka kama 16 amepakata kanuni. Mwalimu wake alituruhusu tukae. Kanuni ni sanduku bapa lenye nyuzi nyingi, na kila sauti ina nyuzi tatu zilizolinganishwa pamoja. Mpigaji huvaa vipande viwili vya kuchomolea kwenye vidole vya shahada, na kwa mkono wa kushoto hunyanyua na kulaza vibao vidogo vidogo vya chuma pembeni kubadilisha sauti. Kabla hajapiga hata wimbo mmoja alitumia dakika nyingi kulinganisha sauti za nyuzi, sikio limeegemea sanduku, akikaza na kulegeza.

Alipoanza, mwenzetu wa mwani alianza kutikisa kichwa. Binti akamwona, akarudia ule mwanzo, akangoja. Mwenzetu akaimba. Sauti yake imezoea kupigana na upepo wa ghuba, na mle ndani ya kuta nene hamkuwa na upepo wa kupigana nao. Ilipanda ikajaa chumba, ikawa laini jinsi ambavyo sijapata kuisikia katika miaka yote tuliyojuana. Alipomaliza, mwalimu wa muziki alimuuliza kajifunza wapi. "Chwaka, maalim," alisema, na machozi yakamlenga.

Jumba lililoporomoka

Jua lilipoanza kuteremka tulikwenda Forodhani. Kwanza tulisimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga 1883 kwa nguzo za chuma na vibaraza vya kuzunguka kila upande, na lilikuwa la kwanza hapa kuwa na umeme. Lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896. Halikusalimika na kungoja. Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha.

Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya Hifadhi na Uendelezaji tangu 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hayo ni makubwa na yana kazi yake. Lakini siku ile ilinifunza kwamba ukuta hauanzi kuanguka siku unapoanguka. Huanza siku tone la kwanza linapopenya paa na kuifikia ncha ya boriti, na hakuna mtu mwenye jicho la kulitambua. Jicho hilo tunalo. Analo binti wa mchoma chokaa aliyeisoma nyumba kwa kiganja. Analo msukaji anayeona jani lililopungua. Tumelifungia mashambani kwa sababu tumeaminishwa kwamba mji wa sanaa ni mali ya wageni na wenye tikiti, nasi mji wetu ni ule wa hospitali na soko. Mawe yake, chokaa yake, boriti zake na sauti yake vilitoka mikononi mwa watu kama sisi. Mwenye kitu akiacha kukitazama, atakuja kukipokea kifusi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye Makunduchi, Nungwi, Fumba au hata Ng'ambo hapo hapo: tenga siku moja. Nenda mapema kabla ya jua kali, na usiende Ijumaa mchana. Chukua wenzako wenye kazi tofauti, kwa maana kila mmoja ataona ambacho mwingine hakioni. Piga hodi kwenye karakana, toa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Chagua vitu vitatu tu na uvikalie. Mlango mmoja kwa nusu saa unafaa kuliko milango hamsini kwa kukimbia. Na kama unaweza, nenda na mtoto.

Tulipata gari ya mwisho. Nilifika nyumbani baada ya sala ya Isha. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa bado macho, akanipokea kwa swali la siku zote: "Mama, umetuletea nini?" Mikono yangu ilikuwa mitupu, sikuwa na mkate wala sare wala dawa. Nikatoa ile karatasi ya kaki, nikaikunjua kwenye mkeka chini ya taa. Aliitazama kwa makini, akapitisha kidole juu ya jani moja moja mpaka la mwisho.

"Mbona hili dogo?" akauliza.

Nikamvuta karibu, nikaanza kumsimulia.